Mchana wa Kuliacha Dishi Litulie

Kituoni walimwita Bwana Usukani, kwa kuwa ndiye aliyeligeuza dishi kubwa la kufuatilia vyombo vya angani, dishi pana kuliko uwanja wa netiboli. Nyumbani kwake hakuruhusiwa kugusa hata antena ya televisheni. Mara ya mwisho alipoirekebisha, mkewe alimwita jirani.

Kazi yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa ya kutafuta anayekuitikia. Chombo kikichomoza, mstari kwenye skrini husimama kama mnara. Mnara ukilala, dishi limekengeuka. Unalisogeza taratibu mpaka usimame tena.

Siku hiyo, kati ya chombo kimoja kuzama upeoni na kingine kuchomoza, dishi liliazimwa kwa mtafiti wa nyota, dada mpole aliyeingoja nafasi hiyo mwaka mzima.

"Mchana huu ukipotea, Mzee, ni mpaka mwakani. Na chuo hakitaningoja."

"Mwanangu, umefika kwenye mikono salama."

Akalielekeza dishi alikoambiwa, na mtafiti akaenda chumba cha pili kwenye mitambo yake ya kurekodi. Mstari ukalala. Ukaendelea kulala. Asubuhi, wakati wa chai, alikuwa ameelezwa kwamba nyota ile hunong'ona tu, na mnong'ono wake hukusanywa kwa kuliacha dishi liikazie nyota hiyo hiyo kwa muda mrefu. Aliitikia "naam, naam" huku akitafuta sukari.

Mkono ukamwasha. Akalisogeza dishi kushoto kidogo, kisha juu kidogo. Mnara ukasimama.

Mwenye akili angemwita mtafiti. Yeye alimpigia mkewe.

"Mama watoto, nyota nimeipata. Kubwa."

"Peke yako?"

"Mimi na dishi."

Hata kabla hajakata simu, alimsikia mkewe akimtangazia mama mkwe.

Mtafiti akaingia mbio. "Mzee, umelisogeza?"

"Nimekutafutia nyota. Itazame ilivyonona."

Mtafiti akaitazama. "Hiyo ni setilaiti ya hali ya hewa. Umegundua mvua ya kesho."

Bwana Usukani akalirudisha dishi, masikio yakimchoma. "Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

"Kitu gani hasa?"

"Chochote, Mzee."

Hakuwahi kupewa kazi ngumu kama ile. Aliikalia mikono yake, kweli kweli, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo vya wageni. Pua ikawasha, akaivumilia. Mstari ulilala fofofo mbele yake, naye akautazama kama mgonjwa ambaye yeye haruhusiwi kumpa dawa.

Chombo cha pili kilipokaribia kuchomoza, mtafiti alirudi na karatasi. Minong'ono yote ilipojumlishwa, palitokea kinundu kimoja, kama punje ya choroko chini ya mkeka.

"Inatosha?"

"Kwa shida. Ungeliacha tangu mwanzo, ingetosha kwa raha."

Bwana Usukani akaikubali lawama kuwa ni haki yake, akaichomoa mikono iliyokufa ganzi.

Mkewe alimngoja mlangoni. "Mama anauliza, nyota yako imesemaje?"

"Ile kubwa imesema kesho msianike nguo. Nyota yenyewe haisikiki mpaka unyamaze sana."

"Na wewe ulinyamaza?"

"Karibu mchana mzima."

Mkewe akageukia ndani. "Mama, njoo usikie maajabu."