Damu ya Papa, Kabla na Baada ya Maombi

Mwaka ule miji ya mashariki ilipoanguka mmoja baada ya mwingine, Papa alikuwa amekaa kwangu Bel-Air, Lubumbashi, na mimi nilikuwa nikiitazama damu yake kwenye kompyuta.

Mpaka leo naiota. Mto mwembamba usio na kelele, buluu pembeni, nyekundu katikati, unashuka tumboni mwa baba yangu. Papa alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa Kivu ya Kaskazini, mtu wa maharage, sabuni na malori. Vita vilipofika, ghala lilibaki huko, yeye akaja huku na kibegi. Mdogo wake alikataa kukimbia. Kila jioni alimtumia Papa ujumbe wa sauti, kumwambia nani ameonekana na nani hajaonekana.

Tumboni Papa alikuwa na bomba. Zamani mshipa wake mkuu ulivimba, na madaktari wa nchi nyingine wakapitisha ndani yake bomba la kitambaa lililoshonewa nyaya, ili damu ipite humo na uvimbe upumzike. Sasa picha mpya zilionyesha kwamba limeteleza. Kipande cha kulirefusha kiliagizwa ng'ambo, na safari zote zilikuwa zimevurugika. Daktari alitaka kujua jambo moja: tungoje kipande, au tumpasue tumbo sasa, mzee wa umri ule? Bomba likiteleza zaidi, uvimbe ungepasuka, naye angekufa kabla hatujapata teksi.

Mimi hufundisha chuo kikuu jinsi vimiminika vinavyopita mabombani. Nilianza na tope la shaba la migodi ya upande wa Kinsevere. Kwenye damu niliingia kwa udadisi tu. Sikujua kwamba nitamkuta baba yangu humo.

Kwenye kompyuta niliugawa mshipa wa Papa vipande vidogo vidogo, nikaingiza mapigo ya moyo na tansio yake, yaani shinikizo la damu, nikaiacha mashine ihesabu jinsi damu inavyolisukuma bomba pale linapopinda kuelekea nyonga. Umeme ulipokatika na kurudi, mimi na mashine tuliendelea kutoka pale ulipotuachia. Mchana wa joto nililaza kichwa mezani, maua ya jakaranda yakidondoka nje, na usingizini niliogelea ndani ya Papa, katika maji ya vuguvugu, nikisikia mlango mkubwa ukifunguka na kufungwa juu yangu. Niliamka na furaha isiyo na maana yoyote.

Jibu la mashine lilikuwa zuri: bomba litakaa, tungoje. Daktari alilitazama, akakuna kidevu.

"Iko muzuri. Lakini hii tansio, balimupima wakati gani?"

Nikamwambia ni mimi niliyempima, nyumbani, asubuhi. Nikaanza kucheka, halafu kicheko kikanikauka. Papa hakubali kupimwa kitu chochote kabla ya maombi. Kwao hata lori haliwashwi, hata gunia halipandi kwenye mizani, mpaka watu waombe. Mimi si mtu wa maombi marefu. Huwa natikisa mguu. Yeye huombea madereva, wateja, mbuzi wa jirani, mpaka sauti yake inalainika kama ya mtu anayesinzia. Ndipo hunyoosha mkono. Namba niliyoipa kompyuta ilikuwa ya mtu aliyetoka mbinguni sasa hivi.

Jioni hiyo nilimfunga kipimo wakati anasikiliza ujumbe wa mdogo wake. Alinuna.

"Hiyo haiko tansio yangu. Ni ya vita."

"Papa, hiyo ndiyo ya kweli."

"Ya kweli ni ile ya maombi."

Nilirudia hesabu. Safari hii wekundu, rangi ya msukumo mkali, ulijaa penye kona. Bomba lingeweza kushika, mradi tansio isipande kupita hapo. Daktari akaongeza dawa, akakataza ule ujumbe wa jioni. Papa akakataa katakata: ndugu yake anaongea, yeye azibe masikio? Mwishowe tulipatana kwamba mimi nitasikiliza kwanza, kisha nitamwambia taratibu.

Basi kila jioni nilikaa nyuma ya nyumba, kando ya jiko la mbabula lenye makaa, simu sikioni, nikizipunguza makali habari za watu niliowajua tangu utotoni. Niliichukia simu ile.

Kisha siku moja sauti haikuwa ya baba mdogo. Ilikuwa ya mke wake. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikaenda kusimama mlangoni kwa Papa, na sikupata namna yoyote ya kusema jambo lile taratibu.

Papa akakunja mkono wa shati lake.

"Leta kile kipimo," akasema.

Alijifunga mwenyewe mkononi. Akafumba macho, akaomba, na yalikuwa maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kumsikia. Akaweka kidole kwenye kitufe.

"Sasa sema."

Nikasema. Kipimo kikavuma, kikambana mkono, kikaachia polepole, na machozi yakamshuka bila sauti. Hakuitazama namba.

"Weka hiyo mu kompyuta," akasema. "Hiyo njo ya kweli."

Niliiweka kesho yake, umeme uliporudi. Wekundu ulijaa penye kona, ukafika ukingoni kabisa, haukupita. Kipande kilifika mvua zilipoanza, kikawekwa, kikakaa. Papa bado anaomba kabla ya kupimwa, maombi yake marefu yenye mbuzi wa jirani, na mimi siku hizi nafumba macho.