Mtihani wa Saa Tatu

Kampuni moja ya Dar es Salaam ilinitumia linki ya mtihani wa kuandika programu: maswali matatu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nne kamili, kisha ukurasa unajifunga wenyewe. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mzima kabla ya hapo, na katika maombi yote niliyotuma, hao tu ndio walionijibu.

Kwetu Iyula mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo nilikwenda Tunduma siku moja kabla, nikalala kwa shangazi. Nilifikiria kila kitu. Umeme ukikatika? Nikachagua kibanda cha intaneti chenye jenereta. Kibodi ikiwa mbovu? Nikaenda jioni kuijaribu, herufi moja moja, mpaka dada mwenye kibanda akaniuliza kama nataka kuinunua.

Asubuhi niliketi mbele ya kompyuta, simu yangu ikisoma saa mbili na dakika hamsini. Nikafungua ukurasa ili nione tu kama unafunguka. Ukafunguka, maswali yote haya hapa, na juu yake: muda uliobaki, dakika tisa.

Wamekosea, nikajisemea. Nikapoteza dakika nne nikiwaza kama niwaandikie sasa hivi au baadaye, na kama wangeniona mkorofi.

"Dada, saa ngapi?"

"Saa nne kasoro tano."

"Simu yangu inasema saa tatu kasoro tano!"

Akaichukua, akaitazama, akaangua kicheko. "Kaka, simu yako imeshavuka mpaka. Imeshika mnara wa Zambia, na wenzetu wako nyuma saa moja. Jana umenikagulia kibodi nzima, saa hukuuliza?"

Swali la kwanza lilikuwa kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, kitu cha mwaka wa kwanza. Nikakosea mabano, nikayafuta, nikayarudisha palepale. Ukurasa ukajifunga nikiwa mstari wa nne.

Barua ya kujieleza niliiandika mara tano. Niliyotuma ilikuwa fupi: nilikuwa Tunduma, simu yangu ilisoma saa za Zambia, naomba nirudie. Jibu likaja mchana: "Kwani Tunduma haiko Tanzania?"

Nikajibu kwamba iko, nikaeleza habari ya minara kwa aya tatu. Hawakuniandikia tena. Ningesema nilichelewa kuamka, labda wangenielewa.