Cherehani Iliyogoma Asubuhi

Enzi zetu sisi wa Ngamiani, bibi harusi hakwenda kwa mumewe bila mfarishi: kitambaa juu, kitambaa chini, sufi katikati, na mishono iliyokatizana ili sufi isikimbilie pembeni. Sufi yetu ilitoka Maramba na mbegu zake, na sisi watoto ndio tuliozichambua, tukipiga chafya huku wenzetu wakicheza kibe uani. Ujira wetu ulikuwa machungwa ya Muheza. Kwa ujira huo ningechambua msitu mzima.

Nakumbuka mfarishi wa dada yangu Zuhura. Baba alitengeneza fremu ya mbao, akaifunga kwenye meza ya cherehani ya mama, na juu yake miti miwili ya kuviringishia kitambaa. Mimi nilishika upande mmoja, shangazi, dada yake baba, upande wa pili, tukasogeza pole pole mama akikanyaga. Huo ndio uhandisi pekee niliowahi kufanya. Chuo kikuu baadaye kilinifundisha kuandika makala.

Ilikuwa kipupwe. Ijumaa wanawake wa upande wa bwana harusi wangekuja kutazama vyombo, na mfarishi ambao haujakwisha ungekuwa hadithi ya mtaa mpaka dada apate wajukuu. Jumatano asubuhi, cherehani ikagoma. Kanyagio likawa zito, mshono ukaruka, uzi ukajisokota chini ya kitambaa kama kiota cha ndege, kisha ukakatika. Mama akabadilisha sindano. Akalegeza uzi wa juu, akakaza wa chini, akatunga upya. Akaongeza mafuta ya nazi, maana ya cherehani yalikuwa yamekwisha na tangu jana yake alikuwa akitumia hayo ya jikoni. Ikazidi.

Mchana ikashona vizuri, kana kwamba haikufanya kitu. Alhamisi asubuhi ikagoma tena.

"Wifi, hiki kijicho," shangazi akasema. "Mtu kaisifu cherehani bila kusema mashallah."

"Kijicho gani cha asubuhi tu?" mama akajibu. "Mwenye husuda naye ana zamu?"

"Basi ni uvivu. Inachelewa kuamka kama huyo mkwe wako."

Kutoka chumbani, alikowekwa ndani kungoja harusi, dada akapaza sauti: "Shangazi! Nimekusikia!"

"Mwali hasikii, mwanangu. Mwali analala!"

Mwishowe shangazi akaleta chetezo chenye makaa mekundu, akatia udi, akakiweka juu ya kigoda chini ya cherehani na kusoma dua alizozijua. Moshi ukatutoa machozi. Mama akakanyaga tena. Kanyagio likateleza, mshono ukanyooka, na shangazi akapiga kigelegele. Mama akainama kutazama: pale kwenye bobini ya uzi wa chini, mafuta meupe yaliyoganda yalikuwa yakiyeyuka na kudondoka.

"Wifi, ni mafuta ya nazi. Yameganda kwa baridi, kama yanavyoganda chupani."

"Na nani kayayeyusha?"

Mama akachukua kitambaa, akafuta mafuta. Lakini chetezo hakukiondoa. Tulishona mpaka jioni, mfarishi ukaisha.

Ijumaa wageni wakaupapasa, wakaunusa, wakatazamana. "Mashallah, mpaka mfarishi umefukizwa!" akasema mama wa bwana harusi. "Kwetu hatujaona adabu kama hii." Shangazi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuwa nao.

Dada aliulalia miaka mingi, na alijua ni mshono upi uliopindishwa na nani. Yangu ilikuwa mingi. Leo binti yangu anafungua mfuko wa nailoni, anatandika, kamaliza. Kitanda kinapendeza, sikatai, na hakuna aliyepiga chafya. Ila nikimwuliza nani kalishona shuka lake, ananiangalia kwa huruma, kisha anatafuta lebo.