Mkate Usiong'aa

Bekari nzima tulimwita Bibi Kioo, kwa sababu mikate yake iling'aa hata ungeweza kujitazamia. Siri ilikuwa brashi. Kabla mikate haijaingia tanurini aliipaka yai lililopigwa, mkono ukienda wenyewe, huku mdomo ukitusengenya sisi tuliosimama mbele yake.

Mjukuu wake alipofikisha miaka mitatu, daktari alisema ana mzio wa mayai. Bibi Kioo akakunja uso. "Mzio gani? Mayai tumekula sote, nani kafa?" Lakini alimpenda yule mtoto kuliko roho yake, kwa hiyo alikanda mkate bila yai hata moja, akampelekea kwa mbwembwe zote.

Kipande kimoja tu. Midomo ikavimba, mabaka yakatapakaa mwilini, pumzi ikaanza kukoroma. Mkwe wake alimbeba mtoto mbio hadi zahanati, na sindano ikamwokoa. Bibi Kioo aliapa kwamba unga ule haukutiwa yai. Na kweli haukutiwa. Mimi ndiye niliyemwuliza, "Na brashi je?" Akakaa chini sakafuni, akalia. Mkono ulikuwa umeupaka mkate yai kwa mazoea, mwenyewe hana habari.

Mkwe hakumtukana, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alisema tu, "Mama, mtoto asile tena chochote kutoka kwako."

Mwingine angenuna. Yeye akaanza kutangulia bekari, anasugua meza, anaoka kwanza mkate usio na yai kwenye trei mpya, mayai yakiwa bado yamefungiwa stoo. Brashi haigusi. Mkate ulitoka umefubaa kama ukuta usiopakwa rangi, nami nikamcheka waziwazi. Nilifyata mdomo wateja walipoanza kuuulizia: mwalimu ambaye bintiye huvimba macho, fundi wa kuchomelea aliyewahi kulazwa kwa sababu ya keki. Kumbe walikuwa wengi mtaani, ila kwetu walikuwa wakipita tu.

Mwishowe mkwe akaja mwenyewe na mtoto. Akakagua meza, trei, mikono ya Bibi Kioo. Kisha akamega kipande, akampa mtoto, sindano ya dharura ikiwa mkobani. Tukasubiri. Donge langu la unga liliumuka hadi likamwagika, sikuligusa. Bibi Kioo alishika ukingo wa meza, macho kwenye midomo ile midogo. Haikuvimba.

"Bibi, mbona mkate wako mbaya hivi?"

"Mbaya kupindukia, mume wangu."

Mkwe akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Mama," akasema, "mkatie kingine."