Niling'oa Magego Matatu Mazima

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kunitetea. Hata mke wangu sijawahi kumwambia haya.

Uhuru ulipokuja, daktari wa meno Mzungu alirudi kwao, akaniacha hapa Kakamega na kiti chake na koleo zake. Nilikuwa msaidizi tu. Nilijua kung'oa, basi. Lakini watu wakaanza kuniita daktari, nami nikaitika. Jamani, nililipenda jina hilo!

Siku moja akaja Mama Rispa, mkulima wa mahindi kutoka Chekalini, pamoja na mumewe. Alisema anaumwa taya la kulia, hasa akitafuna. Nikang'oa gego la chini. Lilipotoka nililitazama: halikuwa na tundu hata dogo. Nikalitupa kwenye ndoo kabla hajaliona.

Baada ya wiki mbili akarudi na maumivu yaleyale. Nikang'oa la pili. Nalo lilikuwa zima.

Mara ya tatu aliweka kidole mbele ya sikio. "Daktari, si jino. Ni hapa. Nikikula panalianga ta, ta."

Nikamuuliza ni nani kati yetu aliyesomea meno. Akafungua mdomo. Gego la tatu lilikuwa gumu kutoka, nikampanua mdomo kwa nguvu kwa muda mrefu hadi likang'oka, nalo zima. Tangu siku hiyo taya likakaza, hata kijiko kikawa kinapita kwa shida.

Mumewe aliponijia na hasira, niliogopa. Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilimwambia meno ya mkewe hayana ugonjwa, watafute sababu huko nyumbani.

Wakatafuta. Lawama zikamwangukia mke wa kaka wa yule mume, waliyekuwa wakilima naye shamba moja. Wakasema amemroga Mama Rispa. Akafukuzwa na watoto wake wanne, akarudi kwao Shianda.

Mwaka uliofuata tukaletewa daktari wa meno aliyesoma kweli. Mama Rispa alikuja amekonda sana. Daktari akamwekea vidole mbele ya masikio, akamwambia afungue mdomo polepole, kisha akamuuliza kama amewahi kugongwa. Ndiyo, ng'ombe alimpiga kidevuni kwa kichwa alipokuwa akimkama. Kumbe ni kiungo cha taya kilichoumia! Akaambiwa ale vyakula laini, akande kwa kitambaa cha maji moto, na afanye mazoezi ya kufungua mdomo kidogo kidogo. Swali moja tu, nami sikuwahi kuliuliza.

Daktari akataka kujua nani aling'oa yale magego. Nilikuwa nimesimama hapohapo na beseni mkononi. Nikaliinamia beseni.

Mama Rispa akanitazama. "Ni zamani," akasema. "Nimesahau."

Nilipopata moyo wa kwenda Shianda, nilionyeshwa kaburi la yule mama aliyefukuzwa. Watoto wake waliponiuliza mimi ni nani, nikasema nilikuwa napita tu.

Wewe unayetibu watu, ukifika mwisho wa unachokijua, sema hujui. Mgonjwa akikuambia si jino, msikilize.

Na ninyi watoto wa Shianda, kama mnasoma hapa: mama yenu hakumroga mtu.