Kiti cha Dirishani

Jumanne, Machi 5, 2024, saa tatu asubuhi, muuguzi mstaafu wa Kongowe aliketi kwenye kompyuta ya steshenari ya Zuleha, eneo la Kwa Mathias, kutafuta ndege ya bei nafuu ya kwenda Mombasa. Huko ana nyumba ya mapumziko ya ubia na wenzake, kila mmoja wiki moja kwa mwaka. Asipofika Ijumaa, zamu yake inapotea. Alibonyeza kila herufi taratibu, kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. “Bibi, wakala angekumalizia dakika mbili,” Zuleha alimtania. “Huyo akale kwa wengine, mjukuu wangu.”

Saa nzima ilipita. Alipoingiza namba ya pasipoti, kompyuta ilijibu kwamba abiria huyo ameshakata tiketi ya ndege hiyo. Zuleha akalipigia simu shirika la ndege, akaweka spika, bibi akajitambulisha. “Mama, si umetupigia dakika kumi zilizopita, ukachagua dirishani?” mhudumu alishangaa. “Sauti ni hii hii.” Zuleha aliitazama simu ya bibi, imezimwa mezani tangu alipofika. Muuguzi alivua miwani, akasema kwa ile sauti ya wodini, “Basi, mwanangu, niwekee kiti cha jirani yake.” Ndege inaondoka Ijumaa saa nne asubuhi.