Bajeti ya Kanada Mezani Kwetu Nateete

Nyumbani kwetu Nateete siasa za Uganda haziruhusiwi. Sheria hiyo aliiweka mama, baada ya baba na mjomba kununiana Ramadhani nzima kwa ajili ya jambo moja la bungeni ambalo leo hakuna kati yao anayelikumbuka. Baba ni polisi mstaafu, mtu wa kaskazini, Mkristo wa kukaa benchi la mwisho kanisani. Mjomba, kaka yake mama, ni Mwislamu kama mama, na anauza vipuri vya magari kwa jumla kule Kisenyi, katika duka aliloachiwa na babu. Wanajuana tangu baba alipokuja kuposa, na ubishi wao ulianza siku hiyo hiyo. Idi ya mwaka ule mjomba alileta nyama, akaikabidhi mlangoni, hakuingia. Mama aliipika, kisha akawaita wote wawili na kuwaambia kwamba kuanzia hapo siasa za hapa zitaachwa nje pamoja na viatu, na asiyekubali atakula kwake.

Walikubali, kwa sababu pilau ya mama huipati kwingine. Lakini wanaume wale wasipobishana huwa kama wagonjwa. Kwa miezi kadhaa Jumapili zetu zilikuwa za kukera: mmoja anasifu mchele, mwingine anaunga mkono kwamba mchele ni mzuri, halafu kimya, tunasikiliza saa ya ukutani. Mimi si mtu wa subira, nilitamani wagombane tu tupumue.

Aliyewaokoa ni dada yangu. Alikwenda Kanada kusoma, akabaki, akapata kazi katika ofisi ya serikali inayopokea maombi ya watu waliopoteza kazi na wanaotaka msaada. Uchumi wa kule ulikuwa umeanza kudorora, viwanda vinapunguza watu, maombi yanafurika, na serikali ikaongeza watu wa kuyashughulikia, naye akiwa mmoja wao. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili saa kumi jioni, ambapo kwake ni asubuhi, nasi tunailaza simu mezani katikati ya vikombe ili kila mtu asikie. Jumapili moja akatusimulia kwamba serikali ya huko inakopa sana na wapinzani wanaipigia kelele bungeni. Nikawaona baba na mjomba wakitazamana. Kanada haikuwa imekatazwa.

Baba alichukua upande wa serikali. Hakuchagua, kwa sababu kwake serikali ni serikali, awe nani ndani yake. Alimpigia saluti kila aliyekaa kwenye kiti cha utawala miaka yote ya kazi yake, na sikuwahi kumsikia akimlaumu hata mmoja, hata pale pensheni yake ilipozungushwa ofisi hadi ofisi mpaka soli za viatu zikaisha. Tulipomhurumia alisema tu kwamba wale watu wana kazi nyingi. Wapinzani wa Kanada wangeshinda uchaguzi, baba angehamia kwao asubuhi ile ile, na mjomba angehamia alikotoka baba, bila aibu yoyote. Mjomba yeye ni mfanyabiashara, na hajaona bado serikali inayojua kutumia pesa ya mwenzake.

Walizitafuta habari kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha kwa mambo ya nyumba hii. Baba alikuwa na redio yake na vipindi vya Kiswahili vya nje. Mjomba alikuwa na Wasomali wa Kisenyi, wauzaji wenzake wenye ndugu Toronto, na akija na sambusa zake kwenye mfuko wa karatasi alikuja pia na habari ambazo redio ya baba haikuzitoa: ndugu wa fulani amefunga duka, kodi za nyumba hazishikiki, na yote hayo makosa ya serikali. Baba anajibu kwamba ni makosa ya waliotangulia. Mjomba anauliza waliotangulia wataondoka lini kwenye lawama, maana kwenye viti waliondoka zamani. Baba anasema ni dunia nzima. Baba huyo huyo hajawahi kuvuka mpaka wa Busia. Mama anamimina chai, nami nakula sambusa ya tatu, nimefurahi mno kwamba nyumba yetu imerudi kuwa na kelele.

Sehemu moja tu ilinikera, nayo ni pale baba alipowasema watu wa maombi, wale ambao dada yangu alikuwa akisoma barua zao. Aliitetea serikali kwa kukopa kwake, aliitetea kwa kujenga, lakini si kwa hao. "Mutu muzima iko na mikono mbili," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "anapanga laini serikali imupe chakula?" Na alishikilia kwamba serikali haimwondoi mtu kazini bure, ukiona ameondolewa kuna alilokosa. Dada alikuwa akinyamaza kule kwake, nasi tulidhani ni mtandao.

Mimi nashona sare za shule Kamwokya. Jumatano moja, mchana, nikiwa na kola mdomoni mwa cherehani, dada akanipigia mimi peke yangu. Bajeti ya kule ilikuwa imesomwa, ofisi yao ikaambiwa ipunguze watu, na walioanza kuondoka ni wale wa mkataba. Yeye alikuwa wa mkataba tangu mwanzo. Ilikuwa wiki ya tatu hana kazi. Maombi yanazidi kuingia, akaniambia, na waliokuwa wakiyashughulikia wamerudishwa nyumbani wakayaandike ya kwao.

Nilimuuliza kama ameandika la kwake. Akasema hapana. Fomu ile anaijua kwa kichwa, ameisoma kila siku ya kazi yake, lakini akiifungua na kufika pa kuweka jina lake mkono unakataa, anamsikia baba. Nikamuuliza ana muda gani. Akasema ikipita wiki ya nne anaweza kukosa kila kitu, na chumba anacholala ni cha kupanga, na baridi inakaribia. Nilimwambia ni mjinga, na kwamba baba akipiga domo Nateete hana haki ya kumlaza mtu njaa Kanada. Akaniapisha nisiseme neno nyumbani, akakata. Kola ile niliishona nyuma mbele, nikafumua, nikaishona tena nyuma mbele.

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya mwisho kabla wiki ya nne haijapita. Mjomba alikuja na kipande cha boksi la vipuri, ameandika juu yake kwa kalamu nene kila idara ya Kanada aliyoweza kuikumbuka: jeshi, polisi, hospitali, shule, barabara, kuzoa theluji, na nyingine nilizomshuku kuzibuni. Alikuwa amechoka, alisema, na watu wa kutetea kila matumizi. Leo shemeji yake ni waziri wa fedha, na atapunguza, mbele ya mashahidi. Akampa kalamu.

Baba alivaa miwani. Alilichukulia jambo lile kama alivyolichukulia gwaride. Jeshi hakugusa, polisi hakugusa. Hospitali aliiangalia kidogo akaipita. Saa kumi simu ikalia, nikaiweka mezani, dada akasalimia kila mtu, na mjomba akamwambia asubiri, baba yake anasoma bajeti. Baba alikuwa amefika kwenye theluji na kalamu imeshuka. Mama akamzuia, theluji isipozolewa binti yake atafikaje kazini? Baba akaona ni kweli, akainua kalamu. Mimi nilikuwa nikiitazama simu tu.

Mjomba alicheka akasema huyu waziri ni wale wale, hawezi kupunguza hata fagio. Hilo likamchoma baba. Aliandika mstari mpya chini ya kipande kile cha boksi, akausoma kwa sauti huku akiukata.

"Ondoa watu ya mukataba. Mutu ya mukataba hajala kiapo. Hiyo si serikali, hiyo ni mugeni tu." Akainama kuelekea simu. "Si ndiyo, mama? Wewe unajua. Wewe ni serikali."

Nateete yote ilijua kwamba binti yake ni serikali. Kwa baba, aliyepewa meza katika ofisi ya serikali amekula kiapo, hakuna namna nyingine, kwa hiyo miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza. Nikamwambia, "Baba, nyamaza." Sijawahi kumwambia hivyo maishani, na mama alinigeukia na kijiko mkononi. Lakini sauti ya dada ikatangulia.

"Baba, mimi ni wa mkataba," akasema. "Nilikuwa. Wameshatuondoa."

Kisha mjomba, ambaye nilidhani atashangilia ushindi wake, akakivuta kile kipande cha boksi, akakikunja mara mbili na kukiweka chini ya paja lake. Akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyekuwa akiomba wapunguze, kila Jumapili ameomba wapunguze. Baba akasema kalamu ilikuwa mkononi mwake yeye. Mjomba akasema kalamu alipewa. Baba akasema angeweza kuikataa. Watu wawili waliosukumiana lawama za nchi ya wenyewe mwaka mzima sasa wanagombania kuibeba, na wasingeacha, kama mama asingegonga meza na kuwaambia mtoto anasikia.

Baba akaisogeza simu karibu. Nilijua atakachouliza. Atauliza amekosa nini, na nilishajiandaa kumjibu kwa ukali.

"Unakula?" akauliza.

"Nakula, Baba."

"Umeomba ile musaada yao?"

"Bado."

"Juu ya nini?"

Nilisikia gari likipita huko aliko. "Mikono miwili, Baba," dada akasema.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Ni mtu mzima, nywele nyeupe, na sijapata kumwona akitafuta neno kwa namna ile. Nilimpenda sana dakika ile, na bado nilikuwa nimemkasirikia, yote mawili kwa pamoja.

"Hiyo maneno nilisema juu ya watu sijui," akasema. "Nilisema mubaya. Sasa fungua hiyo karatasi yao. Sisi tunangoja hapa."

Dada akasema ataijaza kesho. Baba akasema sasa. Basi tukaketi, watu wazima wanne kuizunguka simu, tukamsikia akifungua kompyuta yake, na baba akanyoosha mgongo kama alivyokaa miaka mingi akiandika maelezo ya watu kituoni. Alimfundisha kama alivyowafundisha wale: sema ukweli, sema fupi, usijibu ambacho hujaulizwa. Jina. Tarehe ya kuzaliwa, ambayo mama na baba waliitaja kwa pamoja ingawa hakuna aliyewauliza. Anwani. Mjomba aliomba jina la mtaa lirudiwe, akaliandika kwenye kiganja, kwa sababu kuna Msomali wake ana dada eneo hilo na kesho asubuhi atamwambia ampelekee binti yetu chakula. Dada akasema hahitaji. Mjomba akamwambia hakuulizwa.

Ikafika sababu ya kuacha kazi. Dada akasoma kwamba zipo za kuchagua: ameacha mwenyewe, amefukuzwa kwa kosa, au kazi imekwisha. Baba akamwomba asome tena, polepole. Alisoma tena. Baba akaiinamia simu.

"Hakuna mahali ya kuandika serikali imekosa?"

Nilimtazama mjomba. Sentensi ile ameingoja tangu siku ya posa, ameipigania kwa sahani ngapi za pilau sijui, na sasa imesemwa mbele yake, kwa sauti, na baba mwenyewe. Aliangalia kikombe chake. Akasema kwa upole kwamba haijakosa sana, shemeji, mambo ni magumu dunia nzima.

"Imekosa," baba akasema. Kisha akairudia simu. "Weka kazi imekwisha. Halafu tuma."

Tukasikia kitufe kikibonyezwa. Dada akasema imekwenda. Kisha akaanza kulia, kilio alichokibana majuma yote, na mama akanyoosha mkono kuichukua simu, lakini baba hakuiachia.

"Lia tu, mama," akamwambia. "Hapa hakuna mutu anakata simu."